Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Mazungumzo ya redio. Somo: 1 Wafalme 17:7–24 na Luka 4:25–30.

   Leo nazungumza nanyi kutoka Lodwar, lakini jambo nililo nalo moyoni lilianza Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi kutoka hapa. Kama unayo Biblia karibu, ifungue katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 17. Kama huna, usijali. Kisa chenyewe nitakisimulia.

Jumapili moja nilihubiri Kakuma juu ya mjane wa Sarepta. Nilihubiri kama tulivyozoea sisi wahubiri: toa kidogo ulicho nacho, na Mungu hatakuacha. Watu wakaitika amina. Baada ya ibada, tulipokuwa tukisalimiana nje chini ya mti, mama mmoja alinijia. Ni Mturkana, mjane, mwenye watoto wa kulisha. Kazi yake ni kuchoma makaa ya mathenge, kuyabeba kichwani mpaka kambini, na kuyabadilisha kwa unga au maharagwe ya wakimbizi. Akaniambia, "Mchungaji, neno lako nimelisikia. Lakini katika habari hii mimi ni nani? Mimi ni yule mjane, au mimi ni Eliya? Maana nchi ni yangu, lakini unga ni wa mgeni."

Sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Mama, tutaliombea jambo hilo." Nanyi mnajua kwamba mhubiri akisema "tutaliombea" namna ile, mara nyingine maana yake ni kwamba hana la kusema.

Swali la mama yule limekaa nami muda mrefu, na leo nataka tulitazame pamoja.

Kwa faida ya msikilizaji aliye mbali, nieleze kidogo. Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992. Walioifungua kwa miguu yao walikuwa hasa vijana na watoto wa Sudan, waliokuwa wamekimbia Ethiopia mwaka 1991, wakarudi kwao penye vita, kisha wakatembea tena mpaka wakavuka mpaka wa Kenya. Baada yao wakaja watu wa Somalia, Ethiopia, Kongo, Burundi, na mataifa mengine. Mwaka 2016 wengine wakaanza kukaa Kalobeyei, jirani ya Kakuma, mahali palipokusudiwa wageni na wenyeji watumie shule moja, hospitali moja na soko moja. Basi mgeni huyu amekaa zaidi ya miaka thelathini. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini hawakutuambia tufanye nini mgeni akifika mwaka wa thelathini, naye amezaa watoto hapa, na watoto wake wamezaa.

Sasa tukiendee kisa cha Eliya.

Nabii Eliya alikuwa amemwambia mfalme Ahabu kwamba mvua haitanyesha. Kisha Mungu akamficha penye kijito cha Kerithi, akanywa maji ya kijito na kulishwa na kunguru. Baada ya siku kadha kijito kikakauka. Angalieni jambo hili: ukame alioutangaza nabii ulimkausha na nabii mwenyewe. Watu wa Turkana hawahitaji kuelezwa kijito kikauke ni nini. Mto Tarach hapo Kakuma hukaa miezi mingi ukiwa mchanga mtupu, na akina mama huchimba mchangani, mmoja akishuka shimoni na kuchota kata kwa kata, wenziwe wakingoja juu na mitungi.

Ndipo Mungu akamwambia Eliya aende Sarepta, katika nchi ya Sidoni. Huko ndiko alikotoka Yezebeli, malkia aliyetaka kuwaua manabii. Eliya alikimbilia nchi ya watu aliowaogopa. Na huko hakupelekwa kwa tajiri mwenye ghala. Alipelekwa kwa mjane aliyekuwa langoni mwa mji akiokota kuni, apike chakula cha mwisho, ale na mwanawe, kisha wangoje kufa.

Jambo la kwanza, basi, ni hili: pale langoni mgeni alikuwa na njaa, na mwenyeji naye alikuwa na njaa. Sisi tunapofikiri juu ya ukarimu, twafikiri mwenyeji ameshiba na mgeni ana njaa. Mwenyeji yuko juu, mgeni yuko chini akipokea. Sarepta haikuwa hivyo, na Kakuma si hivyo. Mwenye nchi amepoteza mbuzi zake kwa ukame. Mwenye unga amepoteza nchi yake kwa vita. Wawili hawa wakikutana, kila mmoja aweza kusema, "Mimi ndiye ninayestahili kuhurumiwa," na kila mmoja atakuwa amesema kweli.

Jambo la pili ni juu yangu mwenyewe, na si jambo la kujivunia.

Mwaka 2022 tulikuwa katika ukame mkali. Ulianza mwishoni mwa mwaka 2020, na misimu mitano ya mvua ikapita mfululizo bila mvua ya kutosha. Mizoga ya mifugo ilikuwa kando ya njia. Siku moja nilisimama karibu na barabara hapa Lodwar pamoja na mzee mmoja wa kanisa. Malori ya chakula yakapita, yakielekea Kakuma. Mzee akaanza kuyahesabu, nami nikahesabu pamoja naye. Tulifika kumi na moja. Akaniambia, "Mchungaji, chakula chapita mlangoni petu kikienda kwa wageni." Nami, niliyewekewa mikono niihubiri Injili, nikajibu, "Ndivyo ilivyo, mzee." Tukatikisa vichwa, tukaagana.

Hatukusema uongo. Malori yalipita, na watu wetu walikuwa na njaa. Lakini nilipopiga magoti usiku ule sikuweza kuomba. Kila nilipofumba macho niliona malori. Nilikuwa nimeacha kuwahesabu wenye njaa, nikawa nahesabu magunia.

Ndugu zangu, msinielewe vibaya. Sisemi kwamba mwenyeji asidai haki yake. Kama kisima kimeharibika, nendeni kwa chifu, nendeni kwa mwakilishi wenu, semeni barazani bila woga. Biblia haikatazi maskini kudai haki. Lakini kudai haki ni jambo moja, na kuhesabu unga wa jirani ni jambo lingine. Mwenye kudai haki humtazama mwenye mamlaka usoni. Mwenye kijicho huchungulia chungu cha jirani. Wa kwanza aweza kupata kisima. Wa pili, hata akipewa kisima, atauliza mwenziwe amepewa vingapi.

Bwana Yesu alijua ugonjwa huu. Siku alipohubiri Nazareti, kijijini alikokulia, aliwakumbusha watu kwamba wakati wa Eliya walikuwako wajane wengi katika Israeli, lakini nabii alitumwa kwa mjane mmoja tu, naye ni mgeni, mwanamke wa Sidoni. Someni Luka sura ya 4. Wale watu waliokuwa wakimsifu dakika chache kabla, wakajaa hasira, wakamtoa nje ya mji wamtupe bondeni. Kwa nini? Neema ilikuwa imepita mlangoni pao ikaenda kwa mwingine. Walikuwa wakihesabu malori.

Tena hesabu ile yetu ya kando ya barabara ilikuwa na kasoro. Tulihesabu walichopewa wageni, lakini hatukuhesabu walichoacha. Hatukuhesabu makaburi waliyoyaacha njiani. Hatukuhesabu kwamba kwa miaka mingi mkimbizi hakuweza kusafiri kutoka Kakuma hata kufika Kitale bila kibali. Na tena tulisahau historia yetu wenyewe. Katika njaa ya mwaka 1960 na 1961, na tena katika njaa kubwa ya mwaka 1979 hadi 1981, ambayo wazee huiita Lopiar, maelfu ya Waturkana walikusanyika katika vituo vya chakula wakisimama foleni kupokea posho. Wengi walioponyeka walilishwa kwa unga uliotoka kwa watu wasiowajua. Kama babu yako hakulishwa na mgeni wakati ule, huenda wewe usingekuwapo leo kunisikiliza. Ndiyo maana katika Mambo ya Walawi 19:34 Mungu anapowaamuru Israeli wampende mgeni, anawakumbusha kwamba wao nao walikuwa wageni kule Misri. Mtu aliyesahau foleni aliyosimama yeye, humcheka aliye katika foleni leo.

Jambo la tatu ni juu ya lile pipa la unga. Wengi tumesikia habari hii ikihubiriwa kana kwamba mjane yule alitoa mkate mmoja, na kesho yake akaamka akakuta pipa limefurika. Someni tena. Biblia haisemi pipa lilijaa. Yasema unga haukwisha. Maana yake ni nini? Maana yake kila asubuhi aliinama ndani ya pipa, akakwangua chini, akakuta konzi moja. Kesho yake akainama tena, akakuta konzi moja. Hakuwahi kupata ya kuweka akiba wala ya kuuza. Kila siku ilimpasa kuamini upya.

Na hapa niseme neno kwa wahubiri wenzangu. Eliya alimwambia mjane amtengenezee yeye kwanza mkate mdogo. Wako watu wanaolichukua neno hilo "kwanza" na kulifanya ndoano ya kuwavulia wajane. Wanakusanya senti ya mwisho ya maskini, kisha wanaingia garini na kwenda zao. Eliya hakufanya hivyo. Alikaa katika nyumba ile ile, akala unga ule ule, wa pipa lile lile, siku nyingi. Kama pipa lingekauka, angekufa pamoja nao. Mhubiri asiyekuwa tayari kukaa na kula unachokula, asikuambie umpe kwanza.

Jambo la nne ni la mgeni, na hapa nazungumza hasa na ndugu zetu wakimbizi wanaotusikiliza Kakuma na Kalobeyei.

Kisa cha Sarepta hakiishi penye unga. Baadaye mtoto wa yule mama aliugua, akafa. Ndiyo, ndugu zangu. Mwanamke aliyemkaribisha nabii, aliyetoa konzi yake ya mwisho, alifiwa. Ukarimu wake haukumkinga na huzuni. Na kwa uchungu wake akamlaumu mgeni, akamwambia kwamba ndiye aliyemletea msiba nyumbani. Maneno ya namna hiyo hata Kakuma husemwa: "Tangu mje ninyi, miti yetu imekwisha. Tangu mje ninyi, bei imepanda."

Mgeni yule alijibu nini? Hakujitetea. Hakumkumbusha kwamba unga wa pipani ni kwa maombi yake. Alimwomba mtoto, akampokea kifuani pake, akampandisha chumbani kwake mwenyewe, akamlaza juu ya kitanda chake mwenyewe, na kumlilia Mungu juu ya mtoto ambaye si wa kabila lake. Na Mungu akamsikia. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika Sarepta methali hiyo ilitimia kwa macho ya mama yule.

Basi, ndugu mkimbizi, nawe una kazi. Usikae nchini kwa watu kama abiria anayengoja gari. Mtoto wa mwenyeji akiugua, mlilie Mungu kwa ajili yake. Mti wa mwenyeji ukiuona, kumbuka kwamba kwa Mturkana mti una mwenyewe, na kivuli chake ni nyumba, na maganda yake ni chakula cha mbuzi. Usiukate kwa sababu tu hakuna anayekuona.

Sasa nirudi kwa yule mama wa makaa. Mwaka 2025 mgawo wa chakula kambini ulipunguzwa sana, kwa sababu fedha za msaada zilipungua. Nilipokwenda Kakuma tena nilimtafuta. Nilimkuta amekaa mbele ya nyumba yake, na makaa yake yapo ndani ya gunia.

Akanieleza kwamba alikuwa na mteja wa miaka mingi, mama wa kutoka Sudan Kusini. Kila juma mama yule alimpa unga, naye alimpa makaa. Sasa mteja alikuwa amekuja mlangoni na mfuko mtupu. Alitaka makaa, hana cha kutoa. Nikamwuliza, "Ulifanya nini, mama?" Akasema, "Kwanza nilikasirika. Nilimwambia, mimi nami nina watoto. Akaondoka. Halafu nikaingia ndani, nikatazama chungu changu, nikakumbuka kwamba mtoto wangu wa mwisho alikua kwa unga wa yule mama. Nikamfuata njiani na debe la makaa." Nikamwuliza, "Naye alikupa nini?" Akacheka kidogo. "Hakuwa na kitu, Mchungaji. Alikuwa na dengu kidogo. Tulizipika kwake, kwa makaa yangu, watoto wakala wote."

Sikuambii kwamba baada ya siku ile njaa iliisha. Haikuisha. Watoto wale walilala na njaa siku nyingine. Lakini nilipata jibu la swali lake, naye ndiye aliyenipa. Nilimwambia, "Mama, uliniuliza wewe ni nani, mjane au Eliya. Naona wewe ni wote wawili, na mwenzako ni wote wawili. Yeye alikulisha ulipokuwa huna, nawe umemwashia moto alipokuwa hana." Akanitazama, akasema, "Hilo nalijua, Mchungaji. Nilitaka kujua kama kanisa nalo lalijua."

Neno hilo nawaletea leo jinsi lilivyo. Kanisa lalijua?

Msikilizaji mpenzi, labda wewe huko Kakuma hujafika. Uko Eldoret, au Mombasa, au shambani kwako. Lakini Sarepta iko hata kwako. Yuko mtoto wa ndugu yako aliyeletwa kwako kusoma, nawe wahesabu vipande vya ugali anavyokula. Yuko mpangaji wa jirani wa kabila lingine, nawe wajua bei ya kila kitu alichonunua. Yuko mwenzako kazini aliyepandishwa cheo, nawe umeacha kumsalimu. Hayo yote ni kuhesabu malori.

Juma hili nakuomba ufanye mambo mawili tu. La kwanza, mtaje kwa jina katika maombi yako yule mtu ambaye umekuwa ukihesabu unga wake. Usimwombee apungukiwe. Mwombee pipa lake lisikauke. Utaona ni vigumu, mimi niliona. La pili, mpelekee konzi moja ya ulicho nacho. Ikiwa ni makaa, makaa. Ikiwa ni mtungi wa maji, maji. Ikiwa huna kitu kabisa, keti naye. Usingoje upate vingi, kwa maana mjane wa Sarepta angengoja apate vingi, wangalikufa watatu.

Tuombe.

Ee Mungu, Baba yetu, wewe uliyemlisha nabii kwa mkono wa mjane, na kumfufua mtoto wa mjane kwa maombi ya mgeni, utuhurumie. Utusamehe tulivyosimama kando ya barabara tukihesabu. Wakumbuke wenyeji wa Turkana katika ukame wao, uwape mvua na malisho. Wakumbuke wakimbizi wa Kakuma na Kalobeyei, uwape amani makwao na chakula cha leo. Wakumbuke wenye mamlaka, wagawe kwa haki. Na sisi utupe konzi ya leo, na moyo wa kuigawanya, na imani ya kuinama tena pipani kesho asubuhi. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo, aliyekuja kwetu kama mgeni, nasi tukapona. Amina.